Kamati ya Sahani ya Jirani

Dodoma haijapungukiwa na kamati. Bunge lina zake, wizara zina zake, na Jumapili jioni kamati ya harusi hukaa ukumbini kuwakumbusha wajumbe ahadi walizoandika kwa mkono wao wenyewe. Ila ipo nyingine isiyo na posho, isiyo na muhtasari, wala haikuchaguliwa na mtu. Hiyo hukutana saa saba mchana kwenye mabenchi ya mama lishe, na ajenda yake ni moja tu: alichoagiza aliyekaa pembeni.

"Kaka, ugali tena? Si hata jana ulikula ugali?"

"Dada, wali wote huo ni wako peke yako?"

"Shikamoo mzee wangu. Kwa presha hizi za siku hizi, utumbo unauweza kweli?"

Huyo wa mwisho ndiye wa kuangaliwa. Ametanguliza shikamoo, ameitikiwa marahaba, ndipo akaingia tumboni mwa mtu. Mzee wa watu atafanya nini? Ameshaitikia.

Mjumbe wa kamati hii kwa kawaida hana nia mbaya. Mara nyingi naye ana sahani yake mbele, chipsi mayai zilizolowa mafuta, na soda baridi ya kushushia. Hiyo haijadiliwi.

Kamati kama hizi zipo nchi nzima, lakini Dodoma ilipata wajumbe wa nyongeza kwa uamuzi wa serikali. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa. Kwa zaidi ya miaka 40 wakubwa wengi waliendelea kukaa Dar es Salaam, wakija Dodoma wakati wa Bunge na kuondoka na vumbi kwenye viatu. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali inahama kweli. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia Septemba mwaka huohuo, wizara zikafuata, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Mafaili yalikuja kwa malori. Midomo ilikuja na wenyewe.

Basi wakakutana. Mtu wa pwani ambaye bila nazi hahesabu kwamba amekula. Mchaga anayeulizia mtori tangu siku ya kwanza. Mhaya anayesubiri Novemba ili ndugu zake wa Bukoba wamtumie senene kwa basi. Msukuma mwenye michembe kwenye droo ya ofisi, chini ya barua za kujibiwa. Wote hao wakakaa benchi moja na mwenyeji wao, Mgogo, ambaye mbele yake pana ugali wa uwele wa rangi ya kijivu na bakuli la mlenda.

Akidi ikatimia.

Mlenda una upande wake wa hadithi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani mvua yenyewe haifiki milimita 600 kwa mwaka. Mboga ya majani ikiisha shambani, imeisha hadi mwakani. Ndiyo maana kinamama wa Ugogo huchuma majani wakati wa mvua, mengine yakapikwa mabichi, mengine yakaanikwa, yakatwangwa na kuwekwa akiba ya kiangazi. Jikoni hakuna maringo: maji yachemke, magadi kidogo, unga wa majani unyunyizwe huku mwiko unazunguka, nyanya ikiwepo iingie, na karanga zilizosagwa mambo yakiwa mazuri. Gesi haijapungua, mboga imeiva.

Tabu iko kwenye kula. Mwenyeji humega tonge dogo, akalibonyeza kwa dole gumba hadi pakawa na kishimo, akachota, kisha akazungusha kiganja mara moja kwenye ukingo wa bakuli ili uzi ukatike. Tonge linafika mdomoni safi. Mgeni huchovya na kunyanyua moja kwa moja. Uzi unamfuata. Ananyanyua juu zaidi, nao unapanda. Anarudisha kichwa nyuma ili auwahi kwa mdomo, na hapo ndipo shati jeupe la kikaoni linapopata mstari wa kijani kuanzia kwenye kola hadi kwenye kitambulisho cha kazi kinachoning'inia kifuani. Mama lishe, ambaye haya ameshayaona, analeta maji bila kuitwa. Mgeni sasa, badala ya kuomba afundishwe, anatoa hukumu: "Hiki nacho ni chakula?"

Mtu huyohuyo bamia anakula, na bamia haijawahi kukatika vizuri tangu iumbwe.

Hukumu ya pili huuangukia ugali wenyewe. "Mbona mweusi?" Swali hili huulizwa na mla sembe kwa kujiamini kabisa, kana kwamba mahindi yalikutwa yameota Kongwa siku ya uumbaji. Mahindi ni mhamiaji. Asili yake ni Amerika, na yalifika upande wetu baada ya Wareno kuanza kuzunguka Bahari ya Hindi. Muhogo nao ni wa hukohuko. Uwele ni Mwafrika wa kuzaliwa, ulianza kulimwa ukanda wa Sahel zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na mtama asili yake ni upande wa Sudan. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ikiwemo ya Richard Burton na ya Henry Stanley, ilipita Ugogo, ikalipa hongo ya kuruhusiwa kupita na kununua nafaka kwa wenyeji. Wapagazi waliobeba pembe na mabelo ya nguo kupita nyika hii kavu hawakuwa walaji wa kubagua rangi ya ugali.

Kisha kikatokea kituko. Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India, uliutangaza mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi ndogondogo: uwele, mtama, ulezi na jamaa zao. Sababu zilizotolewa ni zilezile ambazo bibi yeyote wa Chamwino au Bahi angezitaja akiwa anapepeta: zinastahimili ukame, hazidai mbolea nyingi, zina madini na nyuzinyuzi. Watafiti wa kilimo nchini walikuwa wameshaliona hilo mapema. Miaka ya 1990 walitoa mbegu bora za uwele, wakaziita Okoa na Shibe. Aliyechagua majina hayo hakutaka mkulima apoteze muda kusoma maelezo ya mfuko.

Kamati ya sahani haikuomba radhi. Ilibadili uamuzi, basi. Siku hizi kwenye semina za hoteli kubwa mjini, meza ya mwisho huwa na kibao kilichoandikwa "Vyakula vya Asili", na nyuma yake chungu cha mlenda kinachohudumiwa na kijana aliyevaa glavu. Yule aliyechafuka shati sasa anapanga foleni hapo na kumweleza jirani yake faida za magadi, ambazo ameziokota njiani. Mgogo aliyesimama nyuma yao anakitazama chakula chake cha jana usiku kikiwa kimewekewa taa.

Dona nayo ilipita njia hiyohiyo. Zamani sembe nyeupe ilikuwa hadhi, na dona ilikuwa ya bweni na gereza. Mwenye kula dona alionewa huruma. Daktari aliposema dona ina nyuzinyuzi, huruma ikageuka: "Bado unakula sembe, wewe? Hujipendi?" Watu wazima wanakumbuka zaidi ya hayo. Miaka ya shida, nchi ilipoagiza mahindi ya njano kutoka nje, unga wake uliitwa Yanga kwa sababu ya rangi, na mashabiki wa Simba waliula hivyohivyo, wakinung'unika. Wakati huo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukagua sahani ya jirani. Kila mmoja alikuwa anailinda yake.

Ubuyu ndio wenye kichekesho kikubwa kuliko vyote. Mibuyu imejaa nyanda hizi, na watoto wamekuwa wakipasua buyu na kumung'unya ule unga mweupe tangu enzi na enzi, huku mama akiwakemea kwamba watafunga choo. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukauruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kwao chini ya sheria ya "vyakula vipya". Vipya! Marekani ikafuata mwaka 2009. Mtoto wa Mpwapwa aliyekaa juu ya ukuta akitema mbegu alikuwa mbele ya Brussels kwa vizazi kadhaa na hakujua.

Na tukirudi kwenye majani: mwanzoni mwa miaka ya 2000, waziri wa fedha wa wakati huo aliingia katika kumbukumbu za Watanzania kwa kauli kwamba ndege ya Rais itanunuliwa hata ikibidi wananchi wale majani. Nchi ikachemka. Dodoma wengine waliuliza kwa utulivu kama majani hayo yataungwa karanga.

Mtu anayeteseka kuliko wote mbele ya kamati hii ni mama mjamzito. Huyo hana sahani, ana uwanja wa umma. Mama mkwe anamkataza mayai kwa sababu mtoto atazaliwa bila nywele. Wifi anasema pilipili itamchoma mtoto macho. Dereva wa bajaji, ambaye hajawahi kubeba mimba wala hatarajii, anageuka kwenye taa nyekundu kumshauri apunguze chumvi. Akinunua vipande vya udongo wa kutafuna, ambao huuzwa sokoni waziwazi kwa ajili ya wajawazito, nusu ya soko inamkataza na nusu nyingine inamwonesha ulipo mtamu zaidi. Serikali ilishajaribu kuingiza utaratibu: mwaka 1975 iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai, watu wakikaa vikundi kwa vikundi vijijini kusikiliza na kujadili lishe. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa imeshaanzishwa miaka miwili kabla yake. Nusu karne baadaye, kliniki inasema mama ale yai, mama mkwe anasema asile, na yai linabaki kwenye bakuli likisubiri mshindi.

Haki itendeke: ziko siku ambapo neno kuhusu chakula cha mwenzio linaokoa maisha. Katikati ya mwaka 2016, kabla hata magari ya wizara hayajaanza kushusha samani, watu wa vijiji vya Chemba na Kondoa, pamoja na Kiteto upande wa Manyara, walianza kuugua, macho yakawa ya manjano na matumbo yakavimba. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga visipokaushwa na kuhifadhiwa vizuri. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Baadaye serikali ilijenga kituo Mtanana, wilayani Kongwa, cha kushughulikia usalama na uhifadhi wa nafaka. Afisa kilimo akimwambia mtu "haya mahindi usile, yana ukungu", huyo si mwanakamati. Huyo asikilizwe, tena mtu ayamwage mahali ambapo hata kuku hawafiki.

Cha ajabu, wajumbe wetu wa benchini hawagusi hoja hiyo. Hakuna anayeuliza karanga zimehifadhiwa wapi. Wanauliza kwa nini una vipande viwili vya samaki.

Kenya waliwahi kufanya kikao cha taifa zima juu ya chakula cha mtu mmoja. Siku ya uchaguzi, tarehe 8 Agosti 2017, wakati Dodoma watu wakiwa kwenye Nanenane, mwanamume mmoja wa Nairobi alipigwa picha akiwa kwenye foleni ya kura akila githeri, yaani makande, kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Picha ikasambaa. Ilianza kwa kumcheka, ikageuka kumpenda, zawadi zikamiminika, na kabla mwaka haujaisha jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliotunukiwa nishani na Rais Uhuru Kenyatta. Yeye alikuwa na njaa tu, foleni ilikuwa ndefu. Tangu hapo wala makande wa Dodoma wamekuwa wakisubiri nishani yao. Haijafika.

Kundi jingine la kuhurumiwa ni wasiokula nyama. Hapa ni nchi ya ng'ombe. Jumamosi mnada wa Msalato unakuwa na moshi unaoonekana toka mbali, mbavu ziko juu ya wavu, ugali na kachumbari viko tayari, na mtu akisema hali nyama, mazungumzo yanakatika. Kwanza anaulizwa kama ni Msabato. Akikana, anaulizwa kama anaumwa. Akikana tena, anatazamwa kwa mashaka, kisha mwenyeji wake, kwa upendo wa kweli, anaagiza aletewe kuku. Kuku, kwa maelezo ya mwenyeji, si nyama. Akimkataa huyo pia, na hasa ikiwa ni kuku wa kienyeji aliyetoka Singida, basi ugomvi ni wa ukoo.

Wenye uzoefu wamejifunza kujikinga. Kinga ya zamani kuliko zote ni "karibu". Mila inamtaka anayekula amkaribishe anayepita, na inamtaka anayepita ashukuru na kuendelea na safari. Kwa hiyo mjumbe akisogea na kuinamisha shingo juu ya sahani, mlaji humwahi: "Karibu chakula." Mjumbe analazimika kusema, "Ahsante, nimetoka kula sasa hivi." Akishatamka hivyo amekiri kwamba chakula hakimhusu. Kinga hii ina hatari moja tu: wako wajumbe wanaokaribia kweli, na hao huanza na samaki.

Utani nao unasaidia, ila unataka kumjua mtu. Mhehe na Mgogo ni watani. Mmoja akimcheka mwenzake kwa mlenda, anarudishiwa habari za mbwa hapohapo, mzaha mkongwe ambao Mhehe ameusikia tangu darasa la kwanza, na wote wawili wanaendelea kula. Mtani ana leseni. Mpita njia aliyekaa benchi moja na wewe kwa sababu nafasi imekosekana hana.

Wengine wamechagua kujibu kwa takwimu, na mwandishi wa safu hii hawashauri. Kijana mmoja wa ofisini aliyeshambuliwa kwa kula ugali wa mtama alianza kueleza madini ya chuma na zinki, akafika kwenye sukari ya damu, na alipomaliza chakula kilikuwa kimepoa na kamati imeongezeka watu watatu. Mmoja wao alikuwa anaandika.

Lakini ngome halisi ya kamati si benchi la mama lishe. Ni foleni ya chakula ukumbini. Mwalikwa ametoa mchango tangu miezi miwili kabla, kadi yake imekaguliwa mlangoni, amesubiri hotuba za pande zote mbili, na sasa, karibu na saa tano usiku, mshereheshaji ameita meza yake. Anapita kwenye pilau salama. Anapita kwenye ndizi salama. Anafika kwenye sinia la nyama, ambako amesimama shangazi mmoja mwenye koleo, na shangazi huyo hapakui kabla ya kuhoji. "Baba, na hicho kitambi bado unataka ya mafuta?" Foleni nzima inasikia. Mkewe anacheka kwa sababu amekuwa akilisema hilo nyumbani. Mpiga picha wa video yuko hapohapo, na tukio linaingia kwenye kumbukumbu za ndoa ya watu wengine.

Akipewa vipande viwili vidogo na mfupa, hawezi kulalamika. Akilalamika ni mlafi. Akinyamaza, aliye nyuma yake atapewa paja zima kwa sababu ni mwembamba na shangazi amemwonea huruma, ingawa wembamba wake ni wa kuzaliwa na nyumbani amekula.

Kwa hiyo hili ni ombi kwa wenyeviti wa kamati za harusi wa Dodoma, Singida na kwingineko, msimu huu kabla kumbi hazijajaa. Kwenye kikao chenu kijacho, baada ya taarifa ya mweka hazina na kabla ya mengineyo, pitisheni azimio kwamba anayekabidhiwa koleo la nyama apakue akiwa kimya. Mlenda ukiwemo kwenye orodha, wekeni mtu wa kuwaonesha wageni namna ya kuukata. Wanaofika kwa treni ya umeme kutoka Dar siku hizi huja wamevaa vizuri na hawana nguo ya kubadili. Mchango wa mwandishi wa safu hii umeshatumwa kwa simu, na ujumbe wa malipo anao.